Nyumba Hii Haiuzwi

Kabla jeneza halijanyanyuliwa, baba mkubwa alisimama barazani na kipaza sauti cha kukodi, akasema maneno ninayoyasikia kwenye misiba ya Ngamiani tangu utotoni: kama kuna mtu anamdai marehemu, aseme sasa au aje aione familia, na kama yupo aliyekuwa akidaiwa na marehemu, naye ajue la kufanya. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimeketi kwenye jamvi chini ya dirisha. Pakapita kimya. Muuza samaki mmoja akanyoosha mkono, akasema alikuwa anamdai elfu sita za vibua, na kwamba amesamehe. Watu wakamwombea dua. Kisha wanaume wakainama, jeneza likapanda mabegani. Nilinyanyuka kuchungulia. Mbele, upande wa kulia, aliyetia bega alikuwa ami.

Ami si ndugu yetu wa damu. Yeye na baba walianza kazi reli mwaka mmoja, wakastaafu mwaka mmoja, na katikati hapo wakaoa, wakazika, wakasomesha. Sisi watoto tulimwita ami kwa sababu hatukujua kumwita vinginevyo. Baada ya kustaafu baba alitulia barazani na redio yake. Ami hakuweza kutulia. Alinunua Fuso, mtumba, akawa anapakia machungwa Muheza na kuyapeleka Dar es Salaam. Msimu ukiwadia, nyumbani kwetu hapakukosekana gunia nyuma ya mlango.

Hitima ya arobaini tuliisoma Jumapili. Jumatano ya wiki iliyofuata akaja kijana na bodaboda, akaulizia nyumba kwa jina la baba, akataka mtu wa kumtilia saini kwenye daftari lake. Mama akatia. Alitia kabla hajaangalia bahasha imetoka wapi, na hilo baadaye lilimuuma kuliko hata yaliyokuwamo ndani.

Barua ilitoka benki. Iliandikwa kwa ami, nakala kwa baba yangu, ambaye katika karatasi ile hakuwa baba, wala marehemu, wala mzee wa reli. Alikuwa "mweka rehani". Ilisema mkopo wa shilingi milioni 18 haujalipwa kwa miezi saba, kwamba zimebaki milioni 11 na laki nne pamoja na riba, na kwamba zisipolipwa ndani ya siku 60 benki itatumia haki zake juu ya nyumba iliyopo kiwanja namba fulani, kitalu fulani, Ngamiani. Niliisoma ile namba ya kiwanja mara tatu. Nilikuwa nimekaa juu yake.

Baba mkubwa alikuwa amewaita wadai wote kwa kipaza sauti, mtaa mzima ukasikia, na mdai mkubwa kuliko wote alikuwa kwenye jengo lenye kiyoyozi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, hana habari kwamba kuna mtu amekufa.

Nimeandika habari za ardhi gazetini kwa miaka mingi. Nimeripoti minada, bomoabomoa, kesi za mirathi, na ndugu waliouziana kiwanja kimoja mara mbili. Nilidhani najua maana ya mali yenye deni. Kumbe nilijua maneno yake tu.

Hati inaweza kuwa na jina lako peke yako, na bado akawepo mtu mwingine mwenye neno juu ya nyumba. Mara nyingi mwenye neno ni benki, kwa rehani. Anaweza kuwa ndugu aliyeweka zuio kwa Msajili kwa kuwa anadai sehemu yake ya urithi. Inaweza kuwa mahakama iliyoikamata mali kwa ajili ya hukumu. Mpangaji mwenye mkataba ambao haujaisha ana neno. Jirani mwenye haki ya kupita nyuma ya ukuta wako kwenda kwake ana neno. Mkeo au mumeo ana neno hata kama jina lake halipo popote kwenye karatasi. Na serikali ina neno lake wakati wote: ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais ameishikilia kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na sisi tunaojiita wenye viwanja tuna haki ya kukaa kwa miaka 33, au 66, au 99, tukilipa kodi ya pango kila mwaka. Kwa hiyo mtu anapokwambia mali yake ni yake asilimia mia, mwache aseme.

Rehani yenyewe haimhamishii mtu nyumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iko wazi hapo: ni dhamana tu, umiliki haujaondoka. Baba aliendelea kuwa mwenye nyumba miaka yote ile. Alipaka chokaa, alikata tawi la mwembe lililoegemea bati, alimwondoa mpangaji mlevi wa chumba cha uani. Alichokuwa hawezi ni kuiuza au kumpa mtu bila benki kukubali, na kwa kuwa hakuwahi kufikiria kuiuza, sisi hatukuona tofauti yoyote. Mzigo wa namna hii hauko shingoni mwa mtu. Umelala kwenye kuta. Mwenye nyumba akifa, haufi naye. Akiuza kwa siri, mnunuzi ananunua pamoja nao. Watoto wakirithi, wanarithi na huo.

Na hauonekani. Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Wakala wa barabara akitaka eneo la hifadhi, anakuja na rangi na kupiga X ukutani, kila anayepita anajua. Wakazi wa Kimara wanaikumbuka X ile kabla ya nyumba zao kubomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Ni alama ya kikatili lakini ni ya wazi. Rehani haina rangi. Miaka mitatu nilikuwa nakuja nyumbani kila Idi, nalala chumba kilekile, naamka na harufu ya mkaa na vitumbua, na hakuna ufa wala doa lililonionyesha kwamba tunalala ndani ya ahadi ya mtu mwingine.

Mama alikuwa na wazo lake kuhusu rangi. Siku ya pili baada ya barua alimtuma mpwa wetu dukani akanunue kopo dogo la rangi nyekundu, ili aandike ukutani yale maneno tunayoyaona kila mtaa wa Dar es Salaam na Tanga: NYUMBA HII HAIUZWI. Nilimzuia, nikajuta baadaye kumzuia kwa sauti ile. Maandishi yale yanawafukuza matapeli na madalali, na pengine kaka mwenye tamaa. Benki haisomi ukuta. Benki inasoma daftari la Msajili.

Kwa hiyo nikaenda kwa Msajili. Kufanya upekuzi si kazi ngumu: unapeleka maombi, unaweka namba ya hati, unalipa ada, unasubiri. Watu wanaonunua viwanja vya mamilioni wanaruka hatua hii kwa sababu muuzaji ni muumini mwenzao, au ni mtu wa kwao, au kwa sababu kwenye tangazo imeandikwa "kiwanja hakina mgogoro". Kutokuwa na mgogoro si kutokuwa na deni. Kiwanja kilichowekwa rehani hakina mgogoro wowote mpaka siku kitakapokuwa nao.

Majibu yalikuwa karatasi moja. Jina la baba, ukubwa wa kiwanja, muda wa hati, na chini yake mstari mmoja: rehani, jina la benki, kiasi, namba ya usajili, tarehe. Niliitazama ile tarehe kwa muda. Machi 2013. Nikakumbuka kitu.

Mwezi ule baba alinipigia simu mchana, jambo ambalo si kawaida yake, kwa kuwa aliamini mchana ni wa watu wenye kazi. Aliniuliza: "Eti mama, rehani ikishasajiliwa, inafutwaje?" Nilikuwa chumba cha habari, ukurasa unafungwa, mhariri amesimama nyuma ya kiti changu. Nikamwambia, "Baba, nakupigia jioni." Sikupiga. Na yeye hakurudia, kwa sababu wazee wa namna ile hawaombi jambo mara mbili kwa mtoto.

Hapa naomba nitoke kidogo kwenye njia, kwa kuwa neno lenyewe limenishughulisha. Kiswahili kina neno moja, dhamana, na tumelipa kazi nyingi mno. Waziri ana dhamana ya wizara. Mtuhumiwa anatoka rumande kwa dhamana. Mtoto wa ndugu yako akiletwa kwako asome, umepewa dhamana. Na hati ya nyumba ikipelekwa benki, nayo ni dhamana. Ukilipitisha neno hilo kinywani unaona kwa nini mzee kama baba asingeweza kulikataa. Katika neno mdhamini hakusikia riba wala mnada, alisikia heshima. Alisikia kwamba yupo mtu duniani ambaye neno lake linakubalika kama fedha. Rehani ndiyo yenye sauti mbaya: tunasema mtu ameweka roho yake rehani, na hatusemi hivyo kwa furaha. Na mtaani tuna bondi, neno la vijana, simu na runinga zinawekwa bondi kwa wakopeshaji wa kausha damu na hazirudi. Kitu ni kilekile. Lakini ukimwambia mtu "nidhamini" anasimama wima, ukimwambia "weka nyumba yako bondi kwa ajili yangu" atakaa chini kwanza, aite watu.

Bibi yetu mzaa baba alikuwa Mpemba, aliyevuka kuja Tanga akiwa msichana, na kwake neno rehani lilikuwa na shamba ndani yake. Alisema shamba la karafuu la babu yake "lilikwenda kwa karatasi". Tulidhani ni mafumbo ya wazee. Nilipokuja kusoma historia nikaona hakuwa akifumba. Karne ya 19, Unguja na Pemba kama ilivyokuwa Omani, kulikuwa na mkataba ulioitwa bei ya hiyari: mwenye shamba anamuuzia mfanyabiashara kwa karatasi, akiwa na hiyari ya kulikomboa kwa bei ileile muda fulani ukifika, na wakati huohuo anabaki shambani kama mpangaji, analipa kodi. Riba ni haramu, kodi ya shamba si haramu. Kila mtu alijua kodi ile ni nini. Mavuno yakiwa mabaya, au bei ya karafuu ikianguka, hiyari inapita, shamba linakwenda. Kufikia miaka ya 1930 madeni ya mashamba yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika kuhamia mikononi mwa wengine bila idhini, jambo lililozua mzozo mkubwa na wafanyabiashara wa Kihindi, hadi India kukasusiwa karafuu za Zanzibar. Bibi hakujua habari za India. Alijua kwamba kulikuwa na mikarafuu, na kwamba mwanamume mmoja alitia alama kwenye karatasi bila kumwambia mkewe.

Mke kuambiwa. Kisheria jambo hili limeshafanyiwa kazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ikaja kulikazia hilo kwenye rehani: bila ridhaa ya mwenza, rehani ya nyumba ya ndoa haisimami. Kwa hiyo mwanasheria tuliyemwendea, kijana mpole mwenye ofisi juu ya duka la vipuri, swali lake la kwanza lilikuwa kwa mama. Je, alitia saini?

Akamwonyesha nakala. Mama akavaa miwani. Ilikuwa saini yake, jina lake lote limeandikwa herufi kwa herufi, kila herufi imesimama peke yake kama watoto kwenye mstari wa shule. Mama alijifunza kuandika ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, jioni, akiwa na kaka yangu mgongoni. Hajawahi kuharakisha jina lake.

Mwanasheria akashusha sauti. Je, alielezwa alichokuwa anasaini? Alipewa nafasi ya kupata ushauri wake mwenyewe, mbali na mumewe? Kuna mtu alimsomea? Maana kama hakuna, tunaweza kwenda mahakamani tukasema ridhaa ile haikuwa ridhaa. Kesi itachukua muda, lakini muda huohuo mnada utasimama.

Mimi nilikuwa tayari nimeitikia kwa kichwa. Mama akavua miwani, akaifuta kwa upande wa kanga.

"Aliniambia ni hati ya kumsaidia shemeji. Sikumuuliza zaidi, kwa sababu sikutaka kuuliza. Mkono huu ulitia saini. Niende nikaape kwamba haukutia?"

"Hatutasema hukutia, mama. Tutasema hukuelewa."

"Nilielewa kwamba sitaki kuelewa," akasema. Tukaondoka.

Nilimkasirikia kwa siku mbili. Ilionekana kwangu ni kiburi kinachoigharimu familia nyumba. Na hata leo sisemi kila mwanamke afanye alivyofanya yeye. Wapo wengi ambao saini zao ziliibwa, au zilighushiwa, au walitiishwa, na sheria ile ni kinga yao, waitumie. Nasema tu kwamba mama alijua tofauti kati ya kudanganywa na kufumba macho, na hakutaka kinga ya aliyedanganywa apewe aliyefumba macho.

Ami alikuja usiku, baada ya isha, na tochi, ingawa umeme ulikuwapo. Hakutaka kiti. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, mahali ambapo watoto hukaa. Alizungumza na mama, si na mimi.

"Shemeji, mimi sikumwomba. Nilikaa hapahapa nikamweleza kwamba benki wanataka hati, na nyumba yangu mimi haina hati, ni ya mauziano ya serikali ya mtaa. Nikawa nalalamika tu. Akanyanyuka akaingia ndani. Nilidhani kaenda msalani. Akatoka na bahasha."

Mkopo alikuwa akiulipa. Miaka miwili na ushei hakukosa hata mwezi mmoja, risiti zote anazo, alizileta ndani ya mfuko wa plastiki. Kisha injini ya Fuso ikanoki Chalinze na tani saba za machungwa juu yake. Machungwa yakaoza barabarani. Kila mwezi alijiambia atapata mahali pa kukopa, alipe kabla baba hajajua. Baba akafa.

Mama akamuuliza kile nilichotaka kumuuliza mimi: siku ya msiba, uliposikia baba mkubwa anauliza wadai na wadaiwa, mbona ulinyamaza?

"Nilikuwa nimeshashika mti wa jeneza, shemeji."

Sijui kama hilo ni jibu. Nimelipima mara nyingi. Kuna siku naliona ni uoga wa mtu mzima, na kuna siku naona kwamba mtu hawezi kutaja milioni kumi na moja huku ameshajiweka kumbeba rafiki yake begani.

Aliyemtuliza mama alikuwa sheikh wa msikiti wetu, na hakumtuliza kwa kumwambia deni ni jambo dogo. Alimkumbusha habari ambayo madrasa wanaisoma lakini watu wazima wanaisahau: kwamba Mtume alifariki na deraya yake ya vita iko rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina, kwa pishi 30 za shayiri aliyoichukua kulisha watu wa nyumbani kwake. Kwa hiyo rehani si aibu, alisema. Aibu ni kuifanya siri. Akaongeza kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qurani haihusu pepo wala moto, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Mama alikuwa amesikia aya ile ikisomwa maisha yake yote. Hakuwa amewahi kuambiwa inazungumzia nini.

Yaliyobaki yalikuwa hesabu, nayapita haraka. Zile siku 60 ni za kisheria, na hata zikiisha benki haiwezi kuamka asubuhi na kuuza. Mnada wa ardhi unahitaji tangazo la siku zisizopungua 14, na benki inatakiwa itafute bei nzuri inayopatikana, si bei ya kumtupia dalali wake. Mwanasheria yuleyule akaandika barua, tukapeleka cheti cha kifo, tukaomba muda. Tukapewa miezi 14. Ndugu wanne tukagawana kila mwezi. Tuliuza kiwanja cha baba cha Pongwe. Ami aliuza Fuso kwa karakana moja, bodi na magurudumu, akaleta milioni tatu akiwa amezifunga kwenye leso, akataka tuzihesabu mbele yake. Kaka yangu mkubwa alikataa kuzihesabu. Mama akazihesabu zote, noti moja moja, akamwandikia risiti kwa zile herufi zake zilizosimama.

Jambo moja tu kwenye hesabu hizo ningependa msomaji alichukue, kwa kuwa nimekutana na wengi walioliacha. Siku tulipomaliza, afisa wa benki alitupa mkono, akatupa hati, akatupa na karatasi ya kuondoa rehani. Watu wengi huishia hapo. Wanakwenda nyumbani, hati inaingia sandukuni, ile karatasi inaliwa na mende. Miaka kumi baadaye wanataka kuuza au kukopa, upekuzi unafanyika, na daftari la Msajili bado linasema nyumba iko rehani, kwa sababu daftari halijui umelipa mpaka uliambie. Niliipeleka karatasi ile kusajiliwa. Nikasubiri. Kisha nikaomba upekuzi mwingine, nikalipa ada ileile, si kwa sababu ulihitajika. Nilitaka kuuona mstari ule haupo. Hilo ndilo lilikuwa jibu la simu ya Machi 2013, limechelewa.

Nilimpelekea mama karatasi. Aliisoma yote, akaikunja, akaniuliza kama sasa anaweza kuandika yale maneno yake ukutani. Kopo la rangi lilikuwa bado chini ya kitanda, limekauka juu. Mpwa wetu alilikoroga na mafuta ya taa. Maandishi yamekaa upande wa mlango, yameinama kidogo kulia, na mtu wa kwanza kuyasoma kwa sauti alikuwa ami, aliyekuja na machungwa kumi na mbili kwenye mfuko, ya kununua sokoni.

Nilirudi Dar es Salaam na basi la usiku. Njiani, mahali fulani baada ya Segera, nilikumbuka kwamba miezi mitano kabla ya hapo, kazini, nilimdhamini mwenzangu kwenye SACCOS yetu. Alikuja mezani na fomu, tukacheka, nikatia saini nikiwa nimesimama. Akiba yangu ya miaka sita imefungwa mpaka amalize. Mume wangu hajui. Nilikuwa sijamficha, sikuwa tu nimemwambia, na ndani ya lile basi sikuweza kuiona tofauti.

Nilimwambia asubuhi ile, kabla sijavua viatu. Aliuliza kiasi, akauliza tarehe ya mwisho, kisha akauliza, "Na huyo mwenzako ni nani?" Nikagundua kwamba sijui hata anakaa wapi.